Amana ya Alio

Mimi ni mtu wa haraka, na watu wa haraka tunateseka sana duniani. Nilizaliwa Hola, nikajifunza ufundi wa kompyuta Mombasa, na riziki ikanileta Garissa, mtaa wa Iftin, ambako nimekodi nusu ya kibanda cha mabati. Nusu ya pili ni ya Barwaqo. Kati yetu kuna ukuta wa plaiwudi usiofika juu, kwa hiyo kila anachokisema nakisikia, na kila ninapoilaani mashine ya mteja yeye hunisikia. Ameshanionya mara nyingi kwamba mdomo wangu utanipeleka pabaya.

Barwaqo huwaandikia watu mambo yao. Mfugaji anayetaka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, mama anayetafuta basari, kijana aliyemaliza kidato cha nne na anataka kuomba chuo, wote hukaa kwenye benchi lake wakamweleza kwa Kisomali, naye akaandika kwa vidole viwili vya shahada, haraka kuliko makarani niliowaona wakitumia kumi. Ni mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuamrisha. Wateja humwita Edo, yaani shangazi. Mimi pia humwita hivyo, ingawa hatuna undugu hata wa kuazima.

Kilichokuwa kikiniua mimi ni laptopu yake. Asubuhi alikuwa akifika, akaifungua, akabonyeza kitufe, halafu akaipa mgongo kabisa. Alifagia. Alinyunyiza maji mlangoni ili vumbi litulie. Alipanga vikombe kando ya chupa ya chai. Mwishowe aliketi, akainua mikono na kuomba dua, polepole, bila kuruka neno. Alipopaka uso kwa viganja, kile kiduara bado kilikuwa kinazunguka kwenye kioo, na mimi nyuma ya plaiwudi nasaga meno. Kazi yangu ni kuzitibu mashine za namna hiyo. Daktari wa meno akiwa na jirani anayetafuna upande mmoja, analalaje?

Nilimwambia mara nyingi, kwa upole na kwa ukali, anipe ile mashine niiondolee takataka. Ilikuwa na programu chungu nzima ambazo hakuna aliyezitumia, na kila moja ilitaka kuamka mara tu mashine inapowashwa. Ni kazi ya asubuhi moja tu. Alikataa. Nikamwambia si lazima tuzifute, tunaweza kuzizuia tu zisiamke zenyewe. Akanijibu kwamba kumfungia mtu mlango na kumfukuza ni jambo moja. Nikamuuliza mtu gani, maana hapa tunazungumzia programu. Jibu nilikuwa nalijua.

Laptopu ile ilikuwa ya Alio. Alio alikuwa kijana wa Lafey, huko juu Mandera, karibu na mpaka. Alikuja Garissa kusoma, akabaki, na kazi ya kuandikia watu aliianzisha yeye katika nusu ile ile ya kibanda, wakati Barwaqo akiuza chai nje ya mlango. Mimi nilimkuta. Alikuwa mrefu, mcheshi, na hakuweza kuona programu ya bure bila kuipakia. Alikuwa na ya kukata video za harusi, kwa sababu Jumamosi alipiga picha za harusi. Alikuwa na ya kufundisha kuchapa, kamusi ya Kiingereza, ya adhana, na mchezo wa mpira ambao aliuita mapumziko ingawa aliucheza kuliko alivyofanya kazi. Antivairasi alikuwa nazo mbili, na kila moja ilimwona mwenzake mwizi. Nilimwambia mashine moja haina haja ya walinzi wawili wanaogombana langoni. Akacheka, akasema moja aliwekewa na binamu yake, na kuitoa ni kumvunjia heshima. Siku hizo laptopu ilikuwa mpya, ikabeba yote.

Wateja walipokosekana, Alio alimwita muuza chai ndani akamfundisha. Barwaqo alikuwa ameacha shule akiwa mdogo na aliapa kwamba herufi zimeshamkimbia. Alio akamwambia mtu anayekumbuka nani anakunywa chai ya sukari kiasi gani, mtaa mzima, hawezi kushindwa kukumbuka herufi inakaa wapi. Akamwekea ile programu ya kuchapa, ambayo ilimfanya apige herufi moja mara nyingi mpaka kidole kiuzoee. Nilikuwa nawasikia wakicheka, naye Edo akiitukana mashine kwa Kisomali. Ndizo siku pekee nilizomsikia yeye akitukana.

Halafu simu ikaja kutoka Lafey kwamba baba yake Alio ni mgonjwa. Yalikuwa masika, na mvua ilikuwa imeshika njia yote. Alio akapata nafasi juu ya lori la bidhaa. Asubuhi ya kuondoka alimkabidhi Barwaqo laptopu mbele yangu. Akamwambia, "Edo, hii ni amana. Ifanyie kazi, usikae bure. Lakini nikirudi niikute vile nilivyoiacha." Alikuwa anacheka. Nadhani aliogopa tu kwamba mchezo wake wa mpira utafutwa. Lakini hapa neno amana halichekewi. Ulichokabidhiwa kwa jina hilo utaulizwa hapa duniani na utaulizwa tena siku ambayo hakuna wakili. Barwaqo aliipokea kwa mikono miwili.

Lori lile liliingia kwenye laga, mkondo mkavu unaofurika wakati wa mvua, iliyokuwa imejaa maji. Dereva aliona maji yaliyo mbele yake, hakuona mafuriko yanayokuja. Wengine waliokolewa, wengine wakapatikana chini baada ya maji kupungua, wakazikwa. Alio hakupatikana. Walimtafuta siku nyingi kando ya ile laga, wenye ngamia na wenye magari, wala hakukuonekana hata kiatu chake.

Barwaqo alimpigia mama yake Alio, Ramlo, akampa pole kwa maneno ya mtu anayengoja habari, si ya mtu anayezika. Akamuuliza kuhusu laptopu. Ramlo akasema, kaa nayo. Basi akakaa nayo. Aliacha chai, akaketi kwenye kiti cha Alio, akaendeleza kazi yake. Hakubadilisha kitu. Aliyowaandikia wateja aliyaweka kwenye faili zake kando, na ya Alio hakuyagusa. Kila Idi yeye na Ramlo walipigiana simu, wakaulizana hali, mvua na mifugo, na mwishoni Barwaqo aliuliza kwa sauti ya chini kama hakuna habari. Hakukuwa na habari.

Siku moja, nikiwa na haraka zangu, nilimwambia, "Edo, laptopu ya marehemu Alio imekuchosha." Aliinuka, akanitazama juu ya plaiwudi, akasema, "Fundi, umemzika wewe? Kaburi iko wapi?" Kisha hakunisemesha wiki nzima, wala kikombe cha chai hakikuvuka ukuta. Tangu siku ile neno marehemu lilitoweka kwenye kibanda chetu. Lakini nitasema ukweli: nilikuwa namhurumia, na pia nilikuwa namkasirikia. Ilivyozidi kuzeeka, mashine ilizidi kushindwa. Zile programu zilidai kusasishwa, zikadai kulipiwa, zikarusha matangazo, na wale walinzi wawili walikuwa wakikaguana mpaka adhuhuri. Wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa saiba mpya, duka la intaneti. Kununua mashine nyingine hakuwa na uwezo, na kuitengeneza hii hakuwa na ruhusa ya mwenyewe. Na ruhusa angeipata wapi, kama si kwanza akubali kwamba mwenyewe hayupo?

Kilichovunja mambo ni Filsan. Huyu ni binti wa nyumba ya nyuma, msichana mkimya aliyetaka uuguzi tangu alipokuwa mdogo. Chuo kimoja kilikuwa kinapokea maombi kwa mtandao, na jioni ile dirisha lilikuwa linafungwa. Cheti chake kimoja kilichelewa kufika, ndiyo maana alikuja siku ya mwisho. Barwaqo akaketi naye tangu adhuhuri, wakajaza kurasa zote, ikabaki ya mwisho, na stima ikapotea. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani. Mimi siku hiyo nilikuwa Dadaab kutengeneza mashine za shule, kibanda changu kina kufuli. Stima iliporudi bado wakati ulikuwepo, kama mashine ingekuwa mashine. Barwaqo alibonyeza kitufe. Kiduara kikazunguka. Antivairasi ya kwanza ikaamka, ya pili ikaamka, kamusi ikaamka, mchezo wa mpira ukauliza kama uko tayari kucheza. Filsan alikimbia ng'ambo kwa saiba mpya, akakuta foleni ya watu wenye shida kama yake. Alipofika mbele, dirisha lilikuwa limefungwa.

Msichana hakumlaumu. Alimshukuru Edo kwa kazi yake, akaenda nyumbani. Nadhani angemtukana ingekuwa afadhali.

Niliporudi kutoka Dadaab, Barwaqo alikuja upande wangu wa ukuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa ameifunga laptopu kwenye shuka yake ya kuswalia. Aliiweka juu ya meza yangu.

"Fundi," akasema, "hii kitu imekula haki ya mtoto wa watu."

Nikanyoosha mkono kuifungua, akauweka mkono wake juu. Akasema bado. Kwanza ni lazima apate ruhusa ya mwenye amana, na kama mwenyewe hayuko, basi ya mama yake. Akapiga simu Lafey hapo hapo. Alieleza yote, akaeleza na ya Filsan. Ramlo akasema kwamba amana haifunguliwi kwa simu, atakuja mwenyewe. Na kweli akaja, kwa basi la kupitia Elwak na Wajir, mwanamke mwembamba mwenye miaka mingi kuliko nilivyotarajia, vumbi la njia yote lipo kwenye mikunjo ya jilbabu yake. Hakukubali kulala kwanza. Alinawa, akaswali, akanywa chai, akauliza iko wapi.

Tukaketi watatu. Kisomali nakielewa kuliko ninavyokisema, na siku ile nilitamani nisingekielewa. Laptopu ikaanza safari yake ya kuamka, nasi tukangoja. Ramlo alikitazama kile kiduara, akauliza kwa nini inahangaika hivyo. Nikamweleza kwamba Alio aliipa kazi nyingi, na kila asubuhi inajaribu kuinuka nazo zote kwa pamoja.

Akatikisa kichwa. "Kwetu, ngamia akishindwa kuinuka hapigwi," akasema. "Anapunguziwa mzigo. Na anayepunguza ni mwanamke, kwa sababu ndiye aliyefunga kamba."

Barwaqo alikuwa ameinamisha uso. Akasema, "Mama, tukiondoa, halafu arudi akute si vile alivyoiacha, nitamwambia nini?"

Ramlo alimshika mkono. Nilifikiri ataanza kulia, lakini hakulia. Alisema maneno yake moja moja, kama mtu aliyeyabeba kutoka mbali na hataki limwagike hata moja.

"Binti yangu, sisi tulishamswalia. Kadhi alipotoa hukumu yake kwamba amekufa, Lafey nzima ilisimama, tukamswalia bila maiti. Ni zamani."

Barwaqo akauvuta mkono wake. "Zamani? Na kila Idi nakuuliza?"

"Kila Idi nilipiga simu nikitaka kukwambia. Nikawakataza na watu wa kwetu wanaopita hapa wasikwambie, nikasema nitasema mwenyewe. Halafu unaniuliza kama hakuna habari, na sauti yako inamngoja kweli, basi narudisha maneno. Kwangu mimi alikuwa amekufa. Kwa baba yake, kabla hajamfuata, alikuwa amekufa. Nilisikia Garissa kuna mwanamke amekiweka kiti cha mwanangu vile vile. Nilitaka pabaki mahali pamoja ambapo bado anangojwa. Unisamehe. Nimekubebesha."

Barwaqo alilia, kwa sauti, bila kujificha, yule mwanamke wa kuamrisha watu. Mimi nilijifanya natafuta waya chini ya meza, na huko chini nikalia pia, wala sioni haya kusema. Miaka yote nilidhani ni mtu mmoja mkaidi amekataa kusikia. Kumbe walikuwa wawili, kila mmoja akimlinda mwenzake, na katikati yao mashine inazunguka.

Baadaye Ramlo akasema tuanze.

Nikafungua mahali zinapoorodheshwa programu, nikazisoma. Kabla ya yote nilimwahidi kwamba video na picha za mwanawe hazitaguswa, tunaondoa vyombo tu. Kila moja aliuliza ni kitu gani na Alio alikifanyia nini. Antivairasi ya binamu ilikwenda kwanza, kisha kamusi. Mchezo wa mpira ulipofika alitabasamu. Alisema mpira wa matambara uliwahi kumvunjia sufuria ya maziwa, na yule mtoto akasingizia mbuzi. Kila nilipobonyeza, mashine ilifungua kidirisha na kuuliza swali. Ramlo akataka kujua inauliza nini.

"Inauliza kama una uhakika," nikamwambia.

"Inauliza kila mara?"

"Kila mara, mama."

"Basi ijibu kila mara," akasema.

Ile ya harusi alikaa nayo kidogo. Alio alikata video za harusi za watu wengi wa mji huu, na yake haikuwahi kuwepo. Hakusema hivyo. Alisema tu, "Ondoa." Ya adhana nilidhani ataibakiza, akasema Iftin ina misikiti ya kutosha na waadhini wenye mapafu yao. Tulipofika kwenye ile ya kufundisha kuchapa, Barwaqo aliuondoa mkono wangu kwenye kipanya. Akasema hiyo ni yake, ataiondoa mwenyewe. Kidirisha kikauliza kama ana uhakika. Alikisoma mpaka mwisho, akabonyeza kwa kile kidole cha shahada ambacho programu yenyewe ilikifundisha.

Nikabakisha antivairasi moja na vile vinavyohitajika kwa kazi. Nikaizima mashine, nikaiwasha tena. Iliamka hata Barwaqo hajamaliza kufuta macho. Kwenye kioo likatokea jina, kama lilivyotokea asubuhi zote hizo, kwa sababu mlango wa kuingilia wa mashine ulikuwa bado umeandikwa Alio. Nikasema kwa sauti ya fundi anayemaliza kazi kwamba hilo nalo ni dogo, naweza kulibadilisha sasa hivi liwe Barwaqo.

Ramlo alisogeza uso karibu na kioo. Hakujua kusoma, lakini hilo alilijua.

"Jina ni zito?" akaniuliza. "Ndilo linaichelewesha?"

Nikamwambia hapana, jina halina uzito wowote.

"Basi liache."

Alikaa Garissa siku chache, kwa Barwaqo, kisha akarudi Lafey kabla ya mvua. Filsan alirudi msimu uliofuata, na siku dirisha la chuo lilipofunguliwa maombi yake yalikwenda asubuhi kabla jua halijapasha mabati. Jibu bado linangojwa. Wateja wengine wamerudi kuvuka barabara, wengine bado. Ndiyo dunia.

Mimi nilitarajia kufurahi. Asubuhi ya kwanza baada ya Ramlo kuondoka nilisikia Barwaqo akifungua mlango, nikasikia kitufe, halafu sikusikia ufagio. Nikachungulia juu ya plaiwudi. Laptopu ilikuwa tayari imeamka, nyeupe, jina liko katikati, na yeye amesimama na ufagio mkononi bila kujua afanye nini. Kumbe wakati wote niliouhesabu kuwa wa kupotea ndio wakati aliokuwa nao kwa Alio. Aliwasha, akafagia, akanyunyiza maji, akamwombea, na mashine ikampa nafasi.

Alifagia hata hivyo. Alinyunyiza maji, akapanga vikombe. Kisha akaketi mbele ya lile jina na kuinua mikono. Dua yake naijua kwa moyo, maana nimeisikia miaka yote. Palipokuwa na "Mola amrudishe salama", alisita. Nikamsikia akivuta pumzi. Halafu akasema, "Allaha u naxariisto", Mungu amrehemu, akarudia mara ya pili, kwa sauti ndogo.

Mzee mmoja mfugaji, mwenye bahasha kwapani, akafika mlangoni. Akaona mashine imewaka na mwenyewe hajashika kazi, akafungua mdomo kuita. Nilitoka upande wangu mbio, nikamshika mkono.

"Ngoja kidogo, mzee," nikamwambia. "Edo hajamaliza."